Pini Mdomoni

Hebu mwone anavyoingia zahanati. Bibi mwembamba, kashikwa mkono na binti yake, futi ya kupimia inaning'inia shingoni ingawa cherehani yake imefunikwa kwa miaka. Anatazama nguo za watu kuliko nyuso zao. Akimpita nesi, anainama na kushika upindo wa sare yake, anauchunguza, anatikisa kichwa. Aliyeushona angekuwa mwanafunzi wake, angeufumua mbele yake.

Lakini hasemi neno. Midomo kaibana.

Nesi alifinya ngozi ya nyuma ya kiganja cha bibi, akaiachia. Ilibaki imesimama kidogo kabla ya kulala.

"Anakunywa maji?"

"Hataki," binti akasema. "Nikimpelekea kikombe ananifungia mdomo. Chakula vivyo hivyo. Nesi, hamna dawa ya huku kusahau?"

"Ugonjwa wa kusahau hatuwezi kuufukuza, dada. Ila wengi tunaowapokea hapa hawaangushwi na kusahau. Wanaangushwa na kiu, na njaa, na kukaa kitako kutwa nzima. Mnyweshe. Mlishe. Atembee. Akirudi amekauka hivi, tutamlaza."

Neno hilo la kulazwa lilimkata binti maini. Mara ya mwisho mama kulazwa, aliingia akimwita "mwanangu," akatoka akimwita "wewe dada."

Binti huyo ni msusi, husukia watu sebuleni kwake. Siku ile mteja alikuwa anamsubiri kwenye kigoda, kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama kama kimeona jini. Msusi akamwomba radhi, akaenda kupambana na mama. Alijaribu kikombe, akajaribu kijiko, akajaribu mrija. Alibembeleza, kisha akafoka, kisha akaona haya kwa kufoka. Bibi alikuwa kashika upindo wa kitambaa cha meza, anaukunja kwa vidole, anazunguka meza taratibu. Maji yakamtiririka kidevuni.

Simu ikalia. Kaka mtu.

"Mbembeleze tu, atakunywa."

"Njoo umbembeleze wewe."

"Mimi niko kazini, dada."

"Na mimi hapa niko harusini?"

Akakata simu, akarudi kwa mteja wake. Akabana vibanio vya nywele kati ya midomo, kama afanyavyo siku zote, akaanza kugawa nywele kwa hasira.

"Polepole, shoga, hicho ni kichwa," mteja akasema. Kisha akamhurumia, akamnyooshea chupa yake ya soda. "Kunywa kidogo upoe."

Msusi akatikisa kichwa. Angekunywaje na vibanio mdomoni?

Mikono ikamsimama. Akamtazama mama yake kule mezani. Midomo ile ile, imebanwa vile vile, pembeni kidogo. Utotoni mwake ndivyo alivyomjua mama: ukimsemesha anapinda nguo, anakujibu kwa nyusi, maana mdomo umejaa pini.

Akaenda kufungua droo ya cherehani, akatoa kile kimto cha kuchomekea pini, akakiweka chini ya kidevu cha mama. Bibi akakitazama. Akapeleka vidole midomoni, akachomoa pini isiyokuwepo, akaichomeka. Akachomoa nyingine. Na nyingine. Alipomaliza, akapumua.

"Nina kiu," akasema.

Akanywa kikombe karibu chote. Msusi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja, lakini hakupewa nafasi. Bibi alishaanza kuzirudisha pini mdomoni, moja moja, akaukamata upindo.

Basi ndiyo ikawa kazi. Kila tonge, kimto. Kila funda, kimto. Ukimharakisha, ananuna na kuanza upya. Mteja akachoka, akajifunga kitambaa kichwani, akaondoka na nusu yake.

"Gauni la nani hilo, mama?" msusi akauliza jioni, akionyesha kile kitambaa cha meza.

Bibi akatoa pini zote ndipo akajibu. "La binti yangu. Msusi yule. Mkali kidogo, lakini mkono wake mwepesi." Akamtazama usoni. "Unamjua?"

"Namjua," akasema msusi.

Kaka alipopiga tena, akasimuliwa yote. "Si umwambie tu gauni limekwisha?" akasema. "Aachane na hizo pini, ale, anywe."

Msusi akamtazama mama, simu sikioni. Ni kweli, mdomo ungefunguka. Lakini ni upindo huo unaomwinua mama kitini asubuhi na kumzungusha meza mpaka jioni. Likiisha gauni, atasimama kwa ajili ya nini? Naye msusi, kesho wateja wanakuja, na mikono anayo miwili tu, wa kimto na wa kikombe.

Wewe ungekuwa yeye, ungemwambia limekwisha?