Bibi Kilo Mbili

Kama umewahi kununua sukari mtaa ule wa Garissa ulio nyuma ya ofisi za maji, basi Gelle unamjua. Ni mzee mrefu, mpole, mwenye ndevu nyekundu za hina, na ukimtazama sana wakati anakupimia mchele huona haya akakuongezea kidogo. Amekaa nyuma ya kaunta ile miaka ishirini na sita. Kiswahili chake alikiokota kwa wateja, kipande kwa huyu, kipande kwa yule, na kinamtosha kuuza kila kitu. Tatizo ni herufi moja tu. Mdomo wa Gelle haujui P. Pilau kwake ni bilau, polisi ni bolisi, na polisi wenyewe wameshazoea, wanaitika.

Mwaka jana, siku tatu kabla ya Krismasi, herufi hiyo ilimtia matatani.

Mutuku, karani wa ofisi ya maji, alikuwa ameagiza pipi kilo mbili za sikukuu. Zilipofika, Gelle akamwona Bridget, binti yake Mutuku wa miaka sita, akipita na jagi la maziwa. Akamwita kwa furaha.

"Bridget! Ambia baba bibi yake imefika!"

Bridget akasimama ghafla, maziwa yakamwagikia viatu. Sasa, lazima ujue kwamba kwao hakuna mtu aitwaye nyanya. Mama yake Mutuku, mwalimu mstaafu anayeishi Mwingi, alilikataa jina hilo katakata, akasema yeye si wa kutiwa kwenye kachumbari. Yeye ni Bibi. Na juma lile Bibi alikuwa amepiga simu kusema magoti yamegoma, Krismasi hii haji. Bridget alikuwa amelia siku mbili.

"Bibi amefika? Lini?"

"Jana. Na lori."

"Na lori! Yuko wapi?"

"Ndani, stoo. Nimefunika na gunia, banya isikule."

Bridget akashika mdomo. "Lakini ni mzima?"

"Mzima! Kidogo tu jua imeyeyusha. Kuja uone."

Akavuta katoni, akaifungua, akarudi nyuma hatua moja kwa fahari. Bridget akachungulia. Akainua pipi za juu, akachungulia chini yake. Akainama akatazama nyuma ya katoni.

"Bibi yuko wapi?"

"Hii hapa."

"Hizi ni pipi!"

"Sasa mimi nimesema nini? Bibi!"

Wakaendelea hivyo, pipi, bibi, pipi, bibi, sauti zikipanda, mpaka mtoto akaketi juu ya gunia la mchele na kuangua kilio kilichosikika hadi kwa kinyozi. Gelle akampa pipi moja. Kilio kikazidi. Ikabidi Raho, mkewe, atoke nyuma ya pazia. Raho aliwahi kupika shule ya bweni miaka kumi, na Kiswahili anakijua kuliko mzee wake. Alicheka kwanza mpaka machozi, ndipo akamweleza kwa Kisomali alichokuwa amemfanyia mtoto wa watu.

Gelle hakucheka. Moyo ulimuuma kwelikweli. Alikuwa amemletea mtoto bibi yake kisha akamnyang'anya, yote ndani ya dakika tano, na wiki yenyewe ni ya sikukuu yao.

Jioni nzima alijifunza P. Raho alimwambia afunge midomo, kisha aifungue kwa nguvu za pumzi. Akajaribu huku anapima unga. "Bi... bi... P!" Unga wote ukamrukia Najib, fundi wa simu, aliyekuja kununua majani ya chai tu, akatoka mweupe kuanzia kofia hadi kidevu. P ilitoka mara hiyo moja, haikurudi tena.

Siku ya Krismasi Gelle alifunga duka adhuhuri, akabeba katoni, akamchukua Raho, akaenda kumwomba mtoto radhi mwenyewe.

Walikuta mambo magumu. Chapati zimepangwa, nyama ya mbuzi inapoa, na hakuna anayekula. Kwa kina Mutuku, chapati ya kwanza ya Krismasi hupasuliwa na Bibi kwa mkono wake, akampa mtoto mdogo wa nyumba, ndipo wengine waguse. Bibi alikuwa kwenye simu ya video, simu imeegemezwa kwenye chupa ya chai, akiwaambia wapasue tu, yeye anaona. Bridget alikuwa amekumbatia sahani nzima.

"Chapati haipasuliwi na simu," alisema.

Gelle akasahau maneno yote aliyoyapanga njiani. Akamsogeza mkewe mbele. "Nimeleta bibi," akasema. "Hii ya kweli."

Bridget akamtazama Raho kuanzia mtandio hadi kandambili. Akafikiri. Akamsogezea sahani.

Raho akanawa, akasema Bismillahi, akapasua. Kisha akafanya anavyofanya kwake kila asubuhi: akaikatakata chapati bakulini, akanyunyiza sukari, akamimina chai ya maziwa juu yake. Bridget akaonja, akafumba macho.

"Niongeze."

Simu ikapiga kelele. "Mutuku! Nani huyo anaimwagia chapati yangu chai?"

"Ni bibi wa dukani," Bridget akajibu, mdomo umejaa. "Nampenda."

Uso wa Bibi ukaisogelea simu mpaka ikaonekana pua peke yake.

"Mutuku, basi la kwanza la huko kesho linapita Mwingi saa ngapi?"

Mutuku hakujua. Gelle alijua, maana hakuna gari linaloingia mji ule asilolijua.

"Saa tatu, mama. Keti mbele, nyuma iko vumbi mingi."

Bridget akateremka kitini, akavaa viatu, akaenda kukaa getini kumngoja.