Rula Iliyolala Kifudifudi

Roboti ilitoka katikati ya chumba, ikaenda moja kwa moja hadi ukutani, ikajigonga. Ikarudi nyuma, ikajigonga tena. Mama Pacha alisimama na bisibisi mkononi, mdomo wazi.

"Umejionea mwenyewe," alisema mteja. Bwana huyu huunda roboti ndogo za kufagia sakafu, na macho ya roboti hizo huyanunua yote kwa Mama Pacha. "Na si hii tu. Kikapu kizima kiko hivi. Zinadhani ukuta uko mbali, kumbe umeshafika puani."

"Haiwezekani."

"Dada yangu, mimi sina neno nawe. Lakini waliozinunua wanazisubiri. Zikijigonga mbele yao, itabidi nitafute fundi mwingine."

Maneno hayo yalimkata maini. Katika kazi hii hakuna aliyemfikia kwa uangalifu, na wa kwanza kulisema hilo alikuwa yeye mwenyewe. Jicho la roboti ni kitaa kinachotoa mwanga usioonekana, na pembeni yake kipokezi kinachongoja mwanga huo urudi kutoka ukutani. Ukirudi mwingi, ukuta uko karibu. Ukirudi kidogo, uko mbali. Ila jicho halizaliwi likijua sentimita. Lazima lifundishwe, na kulifundisha ilikuwa kazi ya watu wawili: Mama Pacha kwenye kompyuta, mumewe mezani na kadi nyeupe, akiisogeza juu ya rula ya mbao na kutaja namba.

Baba Pacha alikuwa fundi cherehani. Siku moja akaifunika cherehani yake, akasema mgongo umegoma, akahamia kwenye meza ya kazi ya mkewe. Tangu hapo walishinda pamoja katika chumba kile, mapazia yamefungwa kwa sababu jua huyachanganya macho ya roboti. Majirani hawakukosa la kusema kuhusu wazee wanaojifungia mchana kweupe.

Mteja alipokiacha kikapu na kuondoka, Mama Pacha aliyafungua macho ya roboti zile. Hakuna waya uliolegea, hakuna kitaa kilichoungua. Akamsema muuza vitaa na ukoo wake wote, akaifuta meza kwa hasira, akarudisha vitu mahali pake.

"Baba Pacha, njoo. Tunaanza upya."

Mume akaketi, akapapasa ukingo wa meza, akaweka kadi. "Kumi." Mama Pacha akaandika. "Kumi na tano." Akaandika. "Ishirini." Kompyuta ilionyesha mambo yasiyoeleweka. Alihisi pazia linapitisha jua, akainuka kulitazama. Alipopita nyuma ya mumewe akatupa jicho mezani, akasimama.

Rula ilikuwa imelala kifudifudi. Yeye mwenyewe aliigeuza alipokuwa akifuta meza. Upande wa juu ulikuwa mbao tupu, hauna mstari wala namba. Na mumewe alikuwa ameiinamia mbao ile, macho ameyakaza, akasema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika wake:

"Ishirini na tano."

Alidhani anataniwa, maana mume huyu kwa mizaha hajambo. Akangoja acheke. Hakucheka. Aliisogeza kadi kwa upana wa vidole vyake, kama alivyozoea kupima vitambaa.

"Thelathini. Mbona kimya, mke wangu?"

Mama Pacha alikumbuka chai ambayo mumewe aliimwaga nje ya kikombe, akakilaumu kikombe. Akakumbuka jioni ambayo Baba Pacha alilisalimia koti lililoning'inia mlangoni, akidhani ni shemeji yake. Nyumba nzima ilicheka siku ile, na aliyecheka kuliko wote ni Mama Pacha mwenyewe. Sasa aliona aibu hadi masikio yakawaka.

"Baba Pacha, hizo namba unazisoma wapi?"

"Si ni hapa." Kidole kikagusa mbao tupu.

"Rula nimeiweka kifudifudi."

Kidole kilibaki palepale. Baba Pacha hakugeuka.

"Tangu lini?" mkewe aliuliza.

"Tangu cherehani."

"Na mgongo?"

"Mgongo ni mzima."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia, ungenitoa mezani. Cherehani imeshakwenda. Na hapa nikitoka, nikakae wapi?"

Mama Pacha alikuwa na maneno makali tayari kwenye ulimi, yakayeyuka yote. Alikwenda kufungua mapazia.

"Kesho tunakwenda kwa daktari wa macho," alisema. "Na tukitoka huko, unarudi kwenye kiti hicho hicho. Kama ni rula, nitaichonga alama uzishike kwa vidole. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Akachukua rula na kalamu nene, akaandika namba kubwa kwenye ile kadi nyeupe. Akasimama mlangoni, akaiinua.

"Namba gani?"

Baba Pacha alikaza macho, akanyamaza. Mkewe akasogea hadi katikati ya chumba. Kimya. Akafika mezani. Kimya bado. Akaizunguka meza, akainama, akaileta kadi karibu, na karibu zaidi, hadi ikakaribia kumgusa pua.

"Saba," alisema Baba Pacha, akatabasamu kama mtoto aliyepatia jibu. "Ni saba. Haya, pima umbali wake, uandike."

Rula ilikuwa katika mkono wa pili wa Mama Pacha. Hakuwa na moyo wa kuiinua apime nafasi ile ndogo.