Mbwa Nisiyemjua Mama Yake

Watu wa Garsen wamechoka kuniuliza kwa nini sikufuga kuku, na mimi nimechoka kujibu. Mbwa nilimnunua Malindi akiwa mdogo wa kubebeka kwenye kikapu. Muuzaji alinionyesha picha ya baba yake kwenye simu: aina ya wale wa polisi, kifua kama mlango. Hiyo ikanitosha. Wafugaji wa huku wanasumbuliwa na fisi, wakulima na nyani, na mbwa wetu wa kienyeji ni wembamba. Nikasema nitazalisha mbwa wakubwa mpaka Hola wasikie.

Akakua kweli. Akisimama kunilaki, miguu yake ya mbele inafika mabegani mwangu. Lakini akaanza kukimbia kama sungura, miguu ya nyuma yote miwili pamoja, na akilala, kuamka ni shughuli. Nikadhani ni mwiba. Niliutafuta hadi nikachoka, yeye ananilamba uso tu.

Anayetuletea maziwa ni mama mmoja mfugaji wa Kiorma. Kwa dini yake mbwa hamgusi, kwa hivyo husimama nje ya ua na kuita. Siku moja alimwona mbwa akijikokota kwenda kivulini, akaniuliza mama yake alikuwaje. Nikamwambia sikumwona, nilimwona baba, tena kwa picha. Akacheka mpaka akaweka dumu la maziwa chini.

"Wewe kijana, dume unachagua kwa baba? Sisi fahali tunaulizia mama. Kiangazi, njaa ikibana, alisimama mwenyewe, ama aliinuliwa kwa mkia? Baba ni pembe tu."

Nikampigia muuzaji. Mara mtandao mbaya, mara yuko sokoni. Mwisho akasema mama mtu hasimami vizuri tangu uzazi wa pili, na kwamba jike huyo na yule dume wa kwenye picha ni ndugu wa tumbo moja. Alisema kama anayetaja bei ya nyanya.

Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja ng'ombe nikamwomba apitie kwetu. Akamshika mbwa nyonga, akasukuma taratibu. Mfupa haukai sawasawa mahali pake, akasema. Mbwa wakubwa wana ugonjwa huo, na wakizalishwa ovyo unarithiwa. Hauponi. Nimpunguzie maumivu, nisimwache anenepe, na asipande jike.

Wiki hiyohiyo mjomba wangu akafika kutoka Golbanti, mbwa wake jike kwenye kamba, wakati wake wa kupandwa umefika. Nyani walikuwa wamemmalizia mahindi, na mimi ndiye niliyemwahidi watoto wa mbwa. Nikamweleza yote. Alinisikiliza amechuchumaa.

"Mpwa wangu, nyani haulizi habari za nyonga. Anaangalia ukubwa."

"Ataangalia mwaka mmoja, mjomba. Baadaye shamba litajaa mbwa wasioinuka, na wewe ndiye wa kuwapelekea maji."

"Na ile ndoto yako ya Hola?"

Mbwa wangu alikuwa amepata harufu ya jike. Alisimama, akaanguka, akajaribu tena, mkia unacheza. Nikamkumbatia shingo kwa mikono miwili, nikamwambia mjomba arudi nyumbani na mbwa wake.

Aliondoka bila kunywa chai, na kwa mjomba hilo ni neno zito. Baadaye nikasikia amempandisha kwa mbwa mwembamba wa boma la wafugaji, ambaye mama yake alizeeka akiwa bado anafuata ng'ombe.

Daktari alirudi, akamlaza wangu kwa dawa, akamhasi palepale uani. Alipozinduka alitaka kusimama, miguu ikakataa. Nikapitisha leso ya mama yangu, ile ya kujifunga kiunoni, chini ya tumbo lake, nikashika ncha zote mbili, tukaenda hivyo mpaka kwenye nyasi, nimeinama kama mzee. Sasa ndiyo kazi yangu ya kila asubuhi, na mgongo unaniuma. Yeye hana habari. Akimaliza kukojoa hunitazama, masikio wima, kana kwamba sasa tukimbie.