Alexis Anaomba Jibu

Bénie ndiye aliyempeleka mama yake kuombewa. Majirani wa Shituru walisema amechelewa. Mama huyo, Clotilde, muuza makaa, alikuwa na tabia ya kunyamaza katikati ya maongezi na kuinamisha kichwa kama mtu anayeitwa kutoka nyuma ya nyumba, huku mteja akisubiri na mfuko wake mkononi. Kwamba ni pepo, wote walikubaliana. Walichobishania ni kabila lake tu.

Habari za vita hakuna aliyemuuliza. Ilijulikana kwamba zamani alikuwa jeshini, na mwanamke aliyekuwa jeshini, basi alipika. Clotilde hakupika. Alikaa mbele ya foni, redio ile ya jeshi, akipokea sauti za vituo vya mbele na kuvipelekea amri. Vita vilipoisha, walioandikisha wapiganaji wa zamani walimuuliza namba ya bunduki yake. Hakuwahi kupewa bunduki. Wakamweka upande wa wake za askari, ingawa pale hakuwa mke wa yeyote.

Kanisani, Pasta Éphraïm alimwekea mkono kichwani. Spika zilikuwa mbili, kubwa, kwa hiyo pepo asingeweza kudai kwamba hakusikia.

"Weye pepo, jina yako nani?"

"Haiko pepo, Baba Pasta," Clotilde alisema. "Ni Alexis."

Waumini wakaguna. Pepo waliotangulia pale walikuwa na majina makubwa zaidi.

"Alexis wa wapi?"

"Mutoto wa Kapolowe. Alikuwa kwenye kituo ya mbele, beko bachache, adui anabakaribia. Anauliza kwenye foni: tubakie ao turudi? Komanda anakataza miye nisijibu. Siye tulikuwa tunapakia magari tukimbie, na bao, batu ya Alexis, njo balipaswa kubakia kuzuia adui njiani. Alexis anauliza tena, anauliza tena. Kisha akaacha mambo ya jeshi, akaniita tu na jina. 'Clotilde, uko?' Nilikuwa pale. Kidole iko juu ya kifungo."

Bénie, aliyemshika mama yake kwa nyuma asije akaanguka, alilegeza mikono. Alikuwa amelelewa na mwanamke huyu, na habari ya foni alikuwa akiisikia kwa mara ya kwanza, pamoja na kanisa zima.

Pasta alikuwa mtu wa kazi yake. "Alexis, ninakuamuru utoke—"

"Usimufukuze kwanza, Baba. Hajajibiwa."

Clotilde akachukua kipaza sauti mkononi mwa Pasta, taratibu, kama mtu anayepokea zamu. Sauti iliyotoka haikuwa ya muuza makaa. Ilikuwa kavu, imenyooka, kila neno limesimama peke yake.

"Alexis, Alexis, huyu ni Clotilde. Nimekupata. Rudini. Acheni vitu, mupite kando ya mto. Rudini sasa. Umenipata?"

Akasubiri.

Hakuna kilichosikika ila mlio mwembamba wa spika.

"Ametoka," Pasta akatangaza. "Batu ya Mungu, ametoka." Makofi yakaanza, na mpiga ngoma, ambaye siku zote alikuwa mbele ya Roho kidogo, akaingia kwa mikono yote miwili.

Clotilde alikuwa ameziba sikio moja. Midomo yake ilirudia wito wa foni.

Bénie akavuka katikati ya waliokuwa wakicheza, akaweka viganja juu ya ngozi ya ngoma, na kuikandamiza.

"Munyamaze," alisema. "Mama iko kazini."