Mguu wa Ndege Alioukataa Ntinyari

Asubuhi ya mwisho tuliyoamka wazima wote wawili, mke wangu Ntinyari alikamua ng'ombe, akachemsha chai, akanicheka kwa kuvaa sweta ndani nje.

"Umezeeka, Baba Makandi."

"Na wewe?"

"Mimi bado."

Mchana huo huo alianguka shambani, hapa Kibirichia. Hakuamka.

Majirani walimjua kwa viazi. Mimi nilimjua kwa chuma. Tangu mwaka wa sabini na nane alifanya kazi Timau, karakana ya Rwamba, iliyotengeneza ndege ndogo za kunyunyizia ngano dawa. Miguu ya ndege hizo ni chuma kigumu sana, kimepakwa kromu, utando mgumu unaong'aa. Kazi yake ilikuwa kuisaga hiyo kromu kwa jiwe la mashine mpaka ifike kipimo. Polepole, maji yakimwagika juu. Ukiharakisha, joto linapenya, chuma cha chini kinaungua, na kwa macho huoni kitu. Halafu siku moja mguu unavunjika ndege ikitua.

Alikuwa akisikiliza jiwe. Likibadilisha sauti, alijua limeziba kwa unga wa chuma na litaunguza; alisimamisha mashine, akalinoa kwa almasi. Mikono yake ilinukia mafuta hata kanisani. Nilikuwa nimezoea.

Mwaka mmoja ngano iliingiwa na kutu, ugonjwa wa majani, wakulima wakaitaka ndege upesi. Ntinyari alisikia jiwe limeziba. Siku hiyo hakulinoa, akasaga hivyo hivyo. Mguu ukatoka unang'aa, Rwamba akausifu.

"Huu nimeuunguza," akamwambia.

"Nani ameona?"

"Nimesikia."

"Mama, ndege inangojewa. Na unajua anayeunguza hagusi mashine tena."

"Najua. Toa kromu uangalie."

Wakaitoa, wakapaka asidi, inayoonyesha palipoungua. Kukatokea doa jeusi, kama ukucha wa kidole kidogo. Mguu ukatupwa. Ntinyari akapewa ufagio. Alifagia miezi minne, akipita kando ya mashine yake, mpaka Rwamba mwenyewe alipomrudisha.

Jioni ile ya doa nilimkasirikia. Hakuna mwanamke mwingine aliyekuwa amepewa mashine hiyo, naye ameitoa kwa mdomo wake. Nikamwambia angenyamaza tu. Neno hilo nalionea haya mpaka leo.

Alikuwa ameketi akivua buti. Hakuinua sauti.

"Yule rubani wa ndege hiyo hunisalimia kila asubuhi, Baba Makandi. Kesho ningemwitikia vipi?"