Mashine Yenye Mufuko

Mimi ni fundi wa chuma hapa Mikelenge, na kisa hiki nakisema mwenyewe kabla majirani hawajakitia chumvi.

Kila Jumamosi ya Salongo, siku ya kufagia mji, shefu wa mtaa alinigombeza mbele ya watu juu ya vumbi la chuma mlangoni pa atelie yangu, yaani karakana. Basi nilipokwenda kununua mashine ya kusugulia, nilichagua yenye mufuko wa kitambaa unaomeza vumbi. Muuzaji aliijaribu kwenye ubao, ikameza vumbi lote.

"Lakini hii njo ya mbao, sitwayeni," akanionya, akiniita mwananchi kama ilivyo desturi.

"Vumbi ni vumbi," nikamjibu, mimi mwenye akili.

Jumamosi nikavaa suti yangu ya abakosti, nikamwita shefu aje kuona usafi. Watu wakasimama na mafagio yao. Nikapitisha mashine juu ya bawaba ya mlango, na cheche zote zikaingia mufukoni. Nikainua kichwa, nikingoja sifa.

Shefu alikuwa anatazama mufuko. Unga wa ule ubao wa muuzaji ulikuwa bado umo ndani.

"Sitwayeni," akasema polepole, "mufuko yako iko nawaka. Sasa tufagie nini, vumbi ao atelie?"