Maji ya Chini ya Mchicha

Mjukuu wangu alipokata dumu la plastiki apande mboga, harufu ya dawa iliyobaki ndani ilinirudisha utotoni.

Kule mlimani mama alipanda mchicha kwenye debe lililokuwa na dawa ya kuulia wadudu wa kahawa. Chini kulikaa maji, na utambi wa kanga kuukuu uliyapandisha kwenye udongo. Nilikatazwa kuyagusa. Siku moja kiu ikanishinda, nikayanywa.

"We mwana, umekunywa?" Mama akaninusa mdomo.

"Sijanywa, mama."

"Ukinidanganya utanifia hapa hapa."

Mchana kutwa nikachuchumaa mbele ya mchicha ule, nimeshika tumbo, nikiungoja unyauke, maana tulikunywa maji yale yale.

Jioni mama akaja kuuchuma. Nikamng'ang'ania mkono.

"Tusiule, mama. Nimekunywa."